Mikarafuu Niliyoipanda Mimi

Nina mashine ndogo ya kusaga viungo Mwembesongo, na wateja wangu wa siku nyingi wanajua kwamba siku ya kusaga karafuu sitaniwi. Iliki naisaga huku naimba. Mdalasini sina neno nao. Lakini karafuu ikishaanza kutoa ile harufu yake kali, ikanipanda puani na kunikaa kooni, nakuwa mtu mwingine. Hata jirani yangu anayeuza vitenge, ambaye mdomo wake haupumziki, siku hiyo hupunguza maneno.

Mwaka huu mjomba wangu Salumu, kaka yake mama, alifariki kijijini kwetu Kinole, na kundi la ukoo kwenye simu likajaa maneno matamu. Huyu kaandika, "Alitulea kwa maadili." Yule kaandika, "Alitufundisha kusema kweli." Mwingine, ambaye najua fika kwamba utotoni alikuwa akimwona mjomba njiani anaingia migombani kujificha, akaweka picha ya mikono inayoomba dua na chini yake, "Mwalimu wetu wa kwanza." Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya gunia. Kisha wakaniomba mimi, kwa kuwa eti najua kupanga maneno, niandae mazungumzo mafupi ya siku ya arobaini, baada ya hitima, kuhusu mambo tuliyojifunza kwa marehemu tulipokuwa wadogo. Nilikubali. Siku ilipofika sikusoma kitu, na naandika sasa kwa sababu hasira haijanitoka.

Kutufundisha alitufundisha, siwezi kumnyima hilo. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo, mjomba alikurudisha mpaka ulikotoka, uje upya kama mtu. Sufuria ya kuazima ilirudi kwa mwenyewe imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, na ndani yake hakukukosa kitu, hata ndizi moja. Hukuruhusiwa kutafuna mbele ya mwenzako ambaye mkono wake ni mtupu. Na kubwa kuliko yote, sema kweli. Alikuwa na fimbo ya mpera aliyoilaza juu ya boriti ya baraza la bibi, na aliishusha kwa kosa moja tu, nalo ni uongo. Alichapa kwenye miundi, pale mbele ya mguu pasipo na nyama. "Ukivunja kikombe, sema nimevunja," alikuwa akisema. "Kikombe si kitu. Mtoto mwongo ndiye hasara."

Nami nikayashika yote, na hicho ndicho kinachoniudhi. Sokoni wapo wanaochanganya pilipili manga na mbegu za papai zilizokaushwa, na ukizitazama huwezi kuzitofautisha. Mimi siwezi, mkono hauendi. Nikitaka tu kumwambia mteja kwamba karafuu hii ni ya msimu huu, kumbe ni ya msimu uliopita, miundi inaniwasha. Biashara yangu yote inasimama juu ya mafunzo ya mtu aliyenidhulumu, na nikikumbuka hivyo natamani kurusha kitu ukutani.

Baba yangu alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Tabora akiwa kijana, akapata kazi ya kukata miwa kwenye shamba la sukari, akakutana na mama aliyekuwa akipeleka ndizi kwa wafanyakazi, na baada ya ndoa akamfuata mlimani. Kwetu Uluguru hilo si la ajabu. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mume akihamia kwa mkewe hulima alichopewa. Atalima mahindi, atalima mihogo na maharage, hakuna atakayemsumbua. Asichoruhusiwa ni kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mti ni wa aliyeupanda, na mgeni akishapata mti, keshokutwa atadai na shamba. Mimi sikuijua kanuni hiyo nilipokuwa mdogo. Hakuna anayemkalisha mtoto chini akamweleza kwamba baba yake ni mgeni nyumbani kwake.

Nilichojua mimi ni kwamba baba alikuwa na mkono mbaya. Aliniambia mwenyewe, asubuhi moja baada ya mvua, kabla sijaanza shule. Alikuwa ameleta miche ya mikarafuu, kaifunga kwenye jani la mgomba. Akachimba mashimo kwenye mteremko ulio chini ya nyumba yetu, akatia samadi ya mbuzi, akachanganya na udongo mweusi, akanyunyiza maji. Ilipofika zamu ya miche akarudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mikono mgongoni.

"Haya, Zena. Weka mche."

"Weka wewe, baba."

"Mkono wangu mbaya kwa miche, mwanangu. Nikiushika unakufa. Wako mzuri, umerithi kwa mama yako."

Nikaweka mche. Akanielekeza kwa kidevu, niushike shinani, nisiupinde, nirudishe udongo kwa viganja, nikanyage pembeni polepole. Udongo ulikuwa wa baridi na ulipenya kati ya vidole vyangu vya miguu. Tukashuka shimo baada ya shimo, mimi napanda, yeye kasimama kama anayekagua gwaride. Juu yetu ilipita njia ya msikitini, na watu waliokuwa wakipita walitusalimu, baba akawajibu bila kuitoa mikono mgongoni.

Nilimhurumia sana. Nilidhani ni ugonjwa. Nilikaa nikiitazama mikono yake wakati wa kula, nikashangaa kwa nini ugali hauharibiki, kwa nini mbuzi anaowashika hawafi. Nikamwonya rafiki yangu, mtoto wa jirani, wasije wakamruhusu baba aguse mchicha wao. Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikamkatika, akaniambia nisiseme hivyo tena mbele za watu. Nilimtii, na nikazidi kuamini kwamba ugonjwa huo ni wa aibu.

Mikarafuu ikashika. Kiangazi niliipelekea maji kwa kata, kila mti na kata yake, na nilipokuwa nimekasirishwa na mtu nilikwenda kukaa katikati yake. Nilisema "mikarafuu yangu" mbele ya kila mtu, na hata mjomba mwenyewe hakuwahi kubisha. Wakati ule ilikuwa mifupi, haina faida kwa yeyote.

Nilikuwa darasa la sita mama alipopata homa iliyoanza kama mchezo na ikamaliza kwa kumchukua. Msimu huo huo ndipo mikarafuu ilipoanza kutoa vikonyo vyake vya kwanza, vya kijani, ncha zake zimeanza wekundu. Kwa muda mrefu nilidhani mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati mbaya. Siku hizi nikikumbuka nasema, mjomba hakumsubiri dada yake hata akauke kaburini.

Baada ya arobaini ya mama, ukoo ulikaa kwenye baraza la bibi. Baba alipewa kigoda kifupi, akawa chini kuliko watu wote, kofia yake kaipakata. Mimi nilikuwa pembeni na wanawake, tunachambua maharage.

"Shemeji, tunakushukuru," mjomba alianza. "Dada yetu ulimtunza. Sasa aliyekuleta hapa hayupo."

"Nimesikia, shemeji. Mkisema niondoke, nitaondoka. Mtoto ni wenu, atabaki kwa bibi yake. Ninachoomba, ile mikarafuu ibaki kuwa yake, maana kapanda yeye."

Mjomba aliniita nisimame katikati. Nilikwenda na ganda la haragwe mkononi.

"Zena, mjomba wako hapendi nini?"

"Uongo, mjomba."

"Vizuri. Nani kapanda ile mikarafuu?"

Sijawahi kuulizwa swali jepesi kama lile. Nikasema, "Mimi."

Watu wakacheka. Mzee Kibwana, aliyekuwa kijana kidogo wakati huo lakini tayari ana sauti kwenye ukoo, akaonyesha usawa wa goti lake na kusema, "Miti ile inapandwa, huyu si alikuwa hapa?" Wakazidi kucheka. Mjomba hakucheka. Alinyoosha mkono juu, akaishusha fimbo ya mpera kutoka kwenye boriti, akaniuliza tena, kwa upole.

"Ni mimi, mjomba. Baba mkono wake mbaya."

Hapo ndipo walipocheka kwelikweli, na mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Sikurudi nyuma. Mjomba mwenyewe alinifundisha kwamba msema kweli hana haja ya kukimbia. Nilimtazama usoni nikimsubiri akumbuke alichonifundisha. Akainua fimbo.

"Nimepanda mimi," baba akasema.

Fimbo ikabaki hewani. "Sema tena, shemeji, wazee wasikie."

"Nimepanda mimi. Mtoto hajui kitu. Mwache."

Yakaisha. Kwa neno hilo baba akawa mgeni aliyepanda miti kwa siri kwenye ardhi ya watu. Mikarafuu ikarudi kwenye ukoo, na kwa kuwa mkubwa wa ukoo alikuwa mjomba, ikarudi mikononi mwake. Wiki haikupita, baba akafunga nguo zake kwenye shuka, akateremka mlima, akaenda Dakawa kulima mpunga kwenye mashamba ya wengine.

Mimi sikuona dhuluma yoyote. Nilichokiona, kwa macho yangu ya mtoto, ni kwamba baba yangu mzazi ameniita mwongo mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa nimesema kweli mbele ya fimbo, na yeye, aliyesimama pale siku ile akinielekeza kwa kidevu, akanikana. Nikamchukia. Kila baada ya mavuno alikuja na mchele mpya kichwani, unanukia mpaka njiani, bibi anaupika, na mimi siugusi. Nilimpa shikamoo yake kwa sababu shikamoo haikwepeki, lakini niliitoa nikiwa nimetazama ukuta. Yeye aliitikia marahaba kama vile nimemtazama, akaeleza habari za mvua ya Dakawa, akanywa chai, akaondoka. Mjomba nilimwona ni mkali tu, kama wajomba wote. Nilivyokuwa mjinga, kila msimu wa karafuu alituita watoto twende kumchumia, na mimi nilipanda juu ya miti yangu mwenyewe, nikamchumia yeye, nikaenda shule vidole vinanuka mpaka mwalimu akauliza nani kaja na karafuu. Pale pale kwenye mteremko akajenga nyumba ya bati na kumweka mkewe, Mama Shabani, mwanamke wa ukoo mwingine.

Nilielewa nikiwa nimeshaolewa. Mwanamke mmoja wa Matombo alikuja kusaga mdalasini huku akilalamika juu ya mumewe na mashemeji, ugomvi wa mifenesi, na katika kulalamika akaieleza ile kanuni ya mgeni na mti, neno kwa neno. Nikasimama na kipimo mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa. Mikono ya baba haikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa amenipandia urithi, na ili usiguswe na mtu alihakikisha yeye mwenyewe haugusi.

Tangu siku hiyo nikaanza kwenda Dakawa. Nilimpelekea sukari, nikamnunulia blanketi, tukazungumza mpunga na ndege waharibifu. Lakini siku ile ya barazani hatukuigusa. Nilikuwa bado namdai jibu moyoni. Sawa, alinipandia, lakini mbona alilegea? Mwanamume mzima anainuliwa fimbo moja ya mpera, tena si juu yake, anatoa kila kitu. Nilimwona mwoga, nikamhudumia kama mtu anavyomhudumia mzee mwoga anayempenda.

Sasa mjomba kafa, na mila zetu zikaonyesha upande wake wa pili. Mrithi wa mjomba si mtoto wake wa kumzaa, ni mtoto wa dada yake. Koo nyingine siku hizi huenda kwa shehe au mahakamani, lakini wa kwetu bado wanakaa barazani, na mama yangu alikuwa ndiye dada yake pekee. Kwa hiyo baada ya hitima wakaniketisha mimi katikati, kwenye kiti cha mgongo. Mama Shabani alikuwa mwisho wa mkeka, mguu wake mmoja umevimba, kaunyoosha. Kando yake Shabani, mwanawe, ndevu zimeshaingia mvi, aliyezaliwa pale, akapanda pale iliki na mdalasini, na ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mgeni kama alivyokuwa baba yangu.

Mzee Kibwana, ambaye sasa ndiye mkubwa, akakohoa. "Zena, mwanangu, hapa ni pako. Ukisema watoke, watatoka, na hakuna atakayekulaumu. Yaliyompata baba yako yanajulikana."

"Yanajulikana kwa nani, mzee?"

Na mimi nilikuwa nimekuja na neno langu tayari. Tangu pikipiki ilipoanza kupanda mlima nilikuwa nalirudia: watoke, wafunge nguo kwenye shuka, washuke.

"Naomba niseme kabla Zena hajasema," Mama Shabani akaingilia. Sauti yake ilikuwa ndogo na watu ikabidi wanyamaze. "Marehemu aliniambia mwenyewe, alipokuwa mgonjwa. Siku Zena anapanda mikarafuu ile, yeye alikuwa pale juu njiani, anakwenda msikitini. Alimwona mtoto anaweka miche, na baba mtu kafunga mikono nyuma. Alijua nani kapanda."

"Mama," Shabani akamshika mkono.

Akautoa mkono wake. "Mkisema tukae, nisikae juu ya uongo. Mkisema tutoke, nitoke nimeshaisema kweli."

Sijui niielezeje hasira iliyonipanda pale. Miaka yote nilidhani mjomba hakuniamini. Mtu akikosea, akamwona mtoto ni mwongo, ni kosa la kibinadamu, naweza kulimeza. Lakini alikuwa ameniona. Aliniinulia fimbo ya uongo huku anajua kwamba katika baraza zima mwongo ni yeye. Aliwafundisha watoto kusema kweli na yeye mwenyewe akaila karafuu yangu mpaka akafa, na watu wanamwandikia dua kwenye simu. Na huyu mwanamke mgonjwa, asiye na pengine pa kulala, ameisema kweli kwenye baraza lile lile, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumfukuza. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na wa kupigwa alikuwa ameshazikwa.

"Wabaki," nikasema. "Mama Shabani akae hapa maisha yake yote. Alichopanda Shabani ni cha Shabani na wanawe, na aendelee kupanda."

"Zena, unavunja mila," akasema Mzee Kibwana.

"Ilivunjwa hapa hapa nikiwa darasa la sita, mzee, na wewe ulikuwa unaonyesha goti."

Akaanza kuvitazama viatu vyake. Hakuna aliyeniomba nisome mazungumzo yangu. Mama Shabani alitaka kuinuka anishike mikono, nikamwambia asijisumbue na mguu ule, na asinishukuru, kwa sababu mumewe sijamsamehe. Nikawaaga wazee mmoja mmoja, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikatoka.

Njiani, nikisubiri pikipiki, nilimpigia baba simu. Nilikuwa na jambo la kumwambia na lilikuwa linaniunguza mdomo.

"Baba, mjomba alituona. Siku ile tunapanda. Alikuwa njiani, kamwambia mkewe mwenyewe."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilimwona. Alinipungia mkono, nikamwitikia. Alisimama pale mpaka ukamaliza mche wa mwisho."

Nikapandisha sauti, mpaka mama aliyekuwa akianika mihogo ng'ambo ya njia akageuka. Nikamwuliza kwa nini basi hakumwambia mjomba mbele ya wazee, "Wewe ulituona, na mimi nilikuona."

"Angekataa," baba akasema. "Tungebishana, yeye na mimi, na fimbo ilikuwa imeshapanda juu. Wewe ulikuwa miguu mitupu."

Nikasikia kuku wake, nikasikia redio ya jirani yake. Kisha nikamwuliza lile nililotakiwa kuuliza zamani, kwa nini hakuniambia miaka yote ile niliyomnunia, mchele wake unapikwa na mimi nautazama tu.

"Ulikuwa na haki ya kununa, mwanangu. Wewe ulisema kweli, mimi nikasema uongo mbele za watu. Ningekuomba uache kununa, ningekuwa nakufundisha nini?"